Sheria inamlinda daktari wa Lyme: kwa nini basi ameshtakiwa na bodi?

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Connecticut, Marekani. Mume wangu aliumwa na kupe akapata ugonjwa wa Lyme, akatibiwa, lakini uchovu na maumivu ya viungo havikuisha. Daktari tunayemwendea sasa humpa antibiotiki kwa miezi mingi mfululizo. Tumesikia kuwa ameshtakiwa mbele ya bodi ya madaktari, ilhali mwenyewe anasema iko sheria ya jimbo inayomlinda. Kama ipo, wamemshtaki kwa lipi? Na je, faili la mume wangu linaweza kuchukuliwa bila ridhaa yetu?

JIBU: Dada, daktari wenu hakusema uongo, ila kinga anayoitaja ni finyu kuliko wagonjwa wengi wanavyoidhania. Tangu tarehe 1 Julai 2009, sheria ya Connecticut inamruhusu daktari mwenye leseni kumpa mgonjwa wa Lyme antibiotiki kwa zaidi ya wiki nne, na inaizuia bodi kumwadhibu kwa sababu hiyo peke yake, mradi utambuzi wa ugonjwa na tiba yenyewe viwe vimeandikwa katika faili la mgonjwa. Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba bodi haizuiwi kumchukulia hatua kwa sababu nyingine, na mashtaka ya aina hii hupitia mlango huo.

Inafaa ujue sheria hii ilitokana na nini. Mwaka 2006 Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani kilitoa mwongozo uliosema kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba bakteria wa Lyme huendelea kuishi mwilini baada ya tiba ya kawaida, ambayo ni ya wiki chache tu, na kikashauri kwamba antibiotiki za muda mrefu zisitolewe. Madaktari wa mkondo wa pili, waliounda chama chao mwaka 1999, walishikilia kinyume chake. Mwaka huohuo wa 2006 Richard Blumenthal, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Connecticut, alianza kuuchunguza mwongozo huo kwa misingi ya sheria za ushindani. Mwaka 2008 yakafikiwa makubaliano kwamba jopo jipya liupitie, na mwaka 2010 jopo hilo likayaacha mapendekezo ya mwongozo huo yasimame. Wakati huo wagonjwa walikuwa wameshapeleka kilio chao kwa wabunge: Rhode Island ilikuwa na sheria yake tangu 2002, California tangu 2005, na New York ikafuata mwaka 2014.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Bunge la jimbo liliamua kwamba daktari asipoteze leseni kwa kufuata mkondo usiokubaliwa na wengi. Halikuamua, wala halina uwezo wa kuamua, kwamba tiba hiyo inaponya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, ambamo wagonjwa wenye dalili za kudumu walipewa antibiotiki ya ceftriaxone ya mshipani kwa siku 30 kisha doxycycline ya kumeza kwa siku 60, haukuona nafuu iliyozidi ya wale waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake (placebo). Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 280, ulifikia matokeo yanayokaribiana na hayo. Mateso ya mume wako ni ya kweli. Kinachobishaniwa ni chanzo chake, na kama antibiotiki zaidi zitayaondoa.

Shauri linalofundisha zaidi ni la Dkt. Charles Ray Jones, daktari wa watoto wa New Haven, ambaye wazazi kutoka majimbo mengi walimtetea kwa nguvu. Mwishoni mwa mwaka 2007 bodi ya Connecticut ilimtoza faini ya dola 10,000 na kumweka chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Kiini cha shauri kilikuwa kwamba aliwatambua watoto wawili waishio Nevada kuwa na Lyme na kuwaandikia dawa kabla ya kuwapima yeye mwenyewe. Hata kama sheria ya 2009 ingekuwepo siku hiyo, sioni ingemsaidia vipi. Alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo mwaka 2013 iliiacha adhabu isimame, ikasema kuwa katika mashauri ya leseni inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe mzito kuliko wa upande wa pili. Kwa hiyo kiwango cha ushahidi ni cha kesi ya madai, si cha kesi ya jinai, na daktari anayesubiri bodi ithibitishe kosa bila kuacha shaka atasubiri bure.

Hivyo soma hati ya mashtaka kabla ya kusikiliza upande wowote, kwa kuwa shauri likishafika kwenye bodi huwa wazi kwa umma. Tazama kama analaumiwa kwa urefu wa tiba pekee, jambo ambalo sheria inalikinga, au kwa kutompima mgonjwa, kutofuatilia vipimo vya damu na ini, kupuuza uwezekano wa ugonjwa mwingine, au kuandika rekodi pungufu.

Kuhusu faili, ndiyo, linaweza kuchukuliwa. Sheria ya shirikisho ya faragha ya afya inaruhusu mamlaka inayosimamia leseni kupata rekodi za mgonjwa kwa ajili ya uchunguzi bila ridhaa yake. Nanyi mna haki ya kupata nakala, na kwa kawaida daktari anatakiwa kuitoa ndani ya siku 30. Iombeni sasa kwa maandishi, kwa sababu leseni ikisimamishwa ghafla, daktari mwingine atahitaji kuiona historia yote.

Kama mume wako ana mrija wa kupitishia dawa mshipani, usisubiri uamuzi wa bodi. Mwaka 2017 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilieleza visa vitano vya wagonjwa waliopata maambukizi mazito ya bakteria wakitibiwa kinachoitwa Lyme sugu, na baadhi yao walifariki. Akipata homa, kutetemeka, wekundu mahali mrija ulipoingizwa au kuhara kusikokoma, mpelekeni idara ya dharura ya hospitali siku hiyohiyo, na muwaeleze ni antibiotiki gani anatumia na tangu lini.