Fleya za kuchomelea kwenye Datsun 1200: hela ya ufundi inahesabiwaje?

Mkuu, kama nimekuelewa, una Datsun 1200 ya mwanzoni mwa miaka ya 70, unataka kuichomelea fleya za chuma, yaani bati za kupanua matao ya juu ya tairi, kona zote nne ili rimu pana zikae, na mafundi wawili wamekuchanganya. Wa Mabatini kasema siku tatu. Wa Nyakato kasema wiki tatu, na bei yake inakaribia mara nne ya mwenzake. Unauliza yupi anakupiga.

Kwa maelezo uliyotoa sioni anayekupiga. Huyo wa siku tatu amehesabu muda wa mashine kuwaka. Kuchomelea kwenyewe ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika kazi hii, na ukipiga bei kwa kuangalia hapo tu lazima mtaishia kugombana. Mimi nanyoosha bodi hapa hapa Mwanza, na gari za zamani ndizo ninazozipenda, kwa hiyo nikueleze ninavyohesabu mimi.

Tuanze na mbele, maana hakuna maneno mengi. Madigadi za mbele za gari yako zimefungwa kwa bolti. Unazivua, unaziweka mezani, unafanya kazi umesimama vizuri na unaona pande zote mbili za bati. Kila moja naipa saa 6 hadi 8: kuvua, kuchora, kukata, kushikiza, kuchomelea, kusaga, halafu kurudisha na kulinganisha na mlango na boneti. Bolti ya chini karibu na mlango huwa imeganda kwa tope la miaka, usishangae ikikatika.

Nyuma ndiko pesa iliko. Vua tairi, ingiza mkono juu ya tao, ushike ule ukingo. Hapo utakuta bati mbili zimelaliana: ya nje, ambayo ni ubavu wa gari, na ya ndani, ambayo ni chumba cha tairi. Kiwandani zimeunganishwa kwa vidoti vilivyopangana kuzunguka tao lote. Ukikata tao ili fleya iingie umezitenganisha, na katikati yake pamebaki uwazi unaotazama ndani ya buti. Lazima bati la ndani lichanwe vipande vipande kama miguu ya pweza, kila kipande kikunjwe kwenda nje mpaka kiguse fleya, kichomelewe, na mapengo kati ya vipande yazibwe kwa vibati vilivyokatwa kimoja kimoja. Kazi hiyo unaifanya umelala chini, cheche zinakudondokea shingoni. Tao moja la nyuma mimi silipangii chini ya saa 14, na mara nyingi nasema 16.

Fundi wa siku tatu, nina hakika, hapo kwenye bati la ndani hagusi. Anaweka fleya juu ya ubavu, anachomelea kuzunguka, anapiga fila, ile pasta ya kusawazisha bati, anaweka rangi. Siku ya kwanza gari inapendeza kabisa. Lakini la ndani limebaki pale pale lilipokuwa, kwa hiyo rimu pana unayo na nafasi huna. Pakia watu wanne uelekee Sengerema, shimo la kwanza tairi linakula bati. Na pale bati mbili zilipopishana maji yanakaa kwa nyuma, kutu inaanza, na baada ya msimu wa mvua unaona mstari umejichora kwenye rangi kufuata mshono wote. Muulize swali moja tu: bati la ndani utalifanyaje? Jibu lake litakwambia bei yake ni ya kazi gani.

Sasa joto. Bati la gari ya umri huo ni jembamba, kwa kawaida kati ya milimita 0.8 na 1. Hapa mjini tuna wachomeleaji hodari wa meli, mageti na matrela, lakini mtu aliyezoea rodi ya milimita 2.5 kwenye chuma kinene akija na mashine ile ile kwenye ubavu wa Datsun atatoboa, ataziba, atatoboa tena. Tafuta mwenye MIG, mashine inayosukuma waya yenyewe, waya wa milimita 0.6, na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi. Hata huyo usimruhusu avute mshono mrefu. Anapiga doti moja hapa, anahamia upande wa pili wa tao, anarudi katikati, anaacha bati lipoe lenyewe mpaka unaweza kuweka kiganja. Akikimbiza, bati linavimba na kulegea: ukilibonyeza kwa kidole linaingia, ukiachia linarudi na mlio wa tok. Likifika hapo, kulirudisha kwa nyundo na doli, kile chuma cha kukingia nyuma ya bati, kunaweza kula muda kuliko fleya yenyewe. Kwa hiyo ukipita gereji ukamkuta fundi amekaa kwenye ndoo anakunywa chai huku mashine imezimwa, huenda anafanya kazi yako vizuri sana. Ule muda wa kupoa ni wa kulipia.

Muungano uwe wa ukingo kwa ukingo, usiwe wa kupishanisha. Unachukua muda zaidi kwa sababu fleya na ubavu vinatakiwa vikatwe vifuatane bila pengo, ila mshono ukisagwa unapotea na fila inakuwa nyembamba.

Kuna saa ambazo wenye gari hawazioni kabisa. Tangi la petroli litolewe kabla cheche hazijaruka huko nyuma, hapo sina mjadala na mteja yeyote. Betri itolewe. Viti vya nyuma, kapeti na nyaya za taa za nyuma vitoke, maana bati likipata moto vilivyo nyuma yake vinaungua bila wewe kuona. Kutoa na kurudisha, weka saa 6.

Tukijumlisha: mbele mbili kwa saa 7 ni 14, nyuma mbili kwa saa 16 ni 32, kufungua na kufunga 6, fila na praima kwa kona nne saa 5 kila moja ni 20. Jumla 72. Kwa siku ya saa 8 ni siku 9 za kazi tupu. Ongeza umeme kukatika, mvua kwa gereji isiyo na paa, na fundi kusubiri gesi, unafika wiki mbili kabla ya rangi. Mzee wa Nyakato kusema wiki tatu hajazidisha, hasa kama kapiga na rangi humo. Kwa pesa, tuseme mmekubaliana 10,000 kwa saa, huo ni mfano wa hesabu tu: 72 mara 10,000 ni 720,000 ya ufundi, bila waya, gesi, diski za grenda, fila na rangi. Hivyo vinunue mwenyewe. Fundi anayenunua vifaa kwa hela ya ufundi ataanza kubania diski, na diski iliyoisha inachoma bati badala ya kusaga.

Kutu iandikwe pembeni. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo gari iliyokulia Mwanza huwa na nafuu kuliko iliyotoka Tanga au Dar. Ila kama yako iliwahi kubeba samaki wa barafu kutoka soko la Mwaloni, basi sahau nafuu hiyo. Gonga tao la nyuma kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, lililooza linanyamaza, na kwenye fila sauti inakuwa nzito. Hakuna fundi mkweli atakayekutajia bei ya kutu kabla hajasaga rangi. Kubalianeni kwamba atasaga kwanza, utaenda kuona, ndipo mtapanga. Mimi huwa naacha akiba ya asilimia 20 ya saa zote kwa ajili hiyo, na kwenye hesabu yetu ni kama saa 14. Lipa kwa hatua: madigadi za mbele zikiisha, kisha kila tao la nyuma baada ya kulikagua likiwa chuma kitupu, kabla ya fila. Fila ikishapita huna cha kukagua.

Kwa aliyeuliza kama naye anaweza kuchomelea fleya kwenye Land Rover 109: ndugu, madigadi zako ni aluminiamu. Fleya ya chuma haichomeleki hapo, tafuta za kufunga kwa bolti au ribiti. Na wewe mwenye Datsun hakikisha ulizoagiza ni za chuma kweli, maana nyingi zinazouzwa ni za faibaglasi. Hata BMW 2002 Turbo ya 1973 fleya zake zilikuwa za kufunga juu ya bodi, si za kuchomelea.

Kabla hujatoa hata shilingi, funga rimu hizo unazozitaka, pakia mifuko ya saruji kwenye buti mpaka springi zilale na ekseli ikaribie mpira wake wa juu, kisha pima tairi linagusa wapi. Mbele zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Kisha andika hapa upana wa rimu, ofseti (rimu inakaa ndani au nje kiasi gani) na saizi ya tairi. Kama kinachogusa ni ule ukingo wa ndani tu, kwa milimita chache, unaweza kukunjwa kwa kupashwa moto taratibu, kazi ya siku moja, na Datsun yako ikabaki na bati lake la kiwandani.