Orodha ya madeni ya dagaa na maelezo ya fankisheni moja

Ninyi mnaoanza kusoma msimbo wa Emacs, programu ya kuhariri maandishi, mkitaka kusaidia kusafisha maelezo ya fankisheni zake, yaani vipande vya msimbo vyenye jina na kazi yake, nawaandikia zaidi habari ya fankisheni moja, `delete`. Ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Mama yangu mkubwa anauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Wanunuzi wake wengi huchukua mzigo kwa mkopo, wakishauza ndipo wanalipa. Nilipokuwa najifunza Elisp, lugha iliyoandikiwa sehemu kubwa ya Emacs, nikamtengenezea programu ndogo ya kutunza majina ya wadaiwa. Orodha niliiita `madeni`, na kwa kuwa yeye huwaita wateja kwa miji yao, ndani mlikuwa na "Kasulu", "Uvinza" na "Kibondo", kwa mpangilio huo. Wa Uvinza akalipa. Nikaandika `(delete "Uvinza" madeni)`, jina likatoka. Siku chache baadaye wa Kasulu naye akalipa, nikafanya vilevile, lakini jina lake likabaki palepale. Mama mkubwa akaangalia orodha, akampigia simu mtu aliyekwisha kulipa, akamdai. Ilibidi nimpigie yule bwana mwenyewe, nimwombe radhi.

Usiku ule nikabonyeza Ctrl na h, kisha f, nikaandika `delete`. Ukiwa ndani ya Emacs hivyo ndivyo unavyopata maelezo ya fankisheni yoyote. Mstari wa kwanza unasema kwamba inafuta vilivyo sawa na ulichotaja, halafu inarudisha matokeo. Mara ya kwanza niliishia hapo. Safari hii nikasoma hadi chini, nikakuta kwamba orodha inaweza kubadilishwa muundo wake, na kwamba ukitaka kuwa na uhakika uandike `(setq foo (delete element foo))`, ambapo `foo` ni jina la orodha yako na `element` ni kile unachokitoa. Yote ni kweli. Lakini mgeni anaambiwa afanye nini, haambiwi kwa nini, na asiyejua kwa nini atasahau kesho.

Jibu nililipata kwa kufikiria treni. Reli ya kati inaishia hapa kwetu tangu 1914, kwa hiyo habari ya mabehewa hatuhitaji kusimuliwa. Orodha ya Elisp ni mabehewa: kila moja limeshika lililo nyuma yake. Jina `madeni` si treni. Ni kidole kinachoelekezwa kwenye behewa la mbele. Ukimtoa Uvinza aliye katikati, ndoano ya Kasulu inahamishiwa kwa Kibondo, na kidole hakina haja ya kusogea. Ukimtoa Kasulu, mbele yake hakuna behewa ambalo ndoano yake ingehamishwa. Basi fankisheni inachofanya ni kukukabidhi treni inayoanzia kwa Kibondo. Kidole chako bado kinamwonyesha Kasulu, naye bado amemshika Kibondo. `setq` ndiyo inayosogeza kidole.

Tangu hapo, nikifungua maelezo ya fankisheni yoyote nayauliza mambo mawili: inanirudishia nini, na kile nilichoipa inakifanya nini? Maelezo mengi yanajibu la kwanza vizuri na kulipitia la pili juu juu. Linganisheni `delete` na `remove`. Majina yao kwa maana ya kawaida ni karibu kitu kimoja, ila `remove` haigusi orodha yako. Inakupa nyingine isiyo na kile ulichokataa. Kutoliuliza swali hilo la pili ndiko kulikomgharimu mteja wa Kasulu simu ile.

Hapa Kiswahili kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maelezo ya Emacs yameandikwa kwa Kiingereza, na wengi wenu mnaogopa kuyagusa kwa sababu hiyo. Jaribuni kwanza kuyasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mtu asiyejua kompyuta. Mimi nilimweleza mama mkubwa. Lugha yetu inakubana kwenye kitenzi: lazima uchague kati ya "inaikata orodha yako" na "inakukatia orodha nyingine". Ukisita kuchagua, bado hujaielewa fankisheni, na usiandike chochote. Ukichagua bila kusita, sentensi ya Kiingereza itakuja, tena itakuja fupi.

Lakini msichague kwa kukisia. Fungua bafa ya `*scratch*`, ukurasa wa majaribio ndani ya Emacs, andika mfano, weka kishale mwisho wa mabano, bonyeza Ctrl-x kisha Ctrl-e uone jibu. Jaribu orodha tupu, orodha ya kitu kimoja, kitu cha kwanza, cha mwisho. Mimi nilikaribia kutuma sentensi inayosema `delete` hubadili daima kile ulichoipa. Nilipojaribu kwa vekta, mfuatano wa vitu usioungwa kwa ndoano kama orodha, nikaona si kweli: kwa vekta inatengeneza mpya na kuiacha yako ilivyo. Maelezo yasiyoeleweka yanamchelewesha msomaji. Yaliyo wazi lakini ya uongo yanampoteza kabisa.

Mfano mwingine wa haraka ni `string-match`, inayotafuta kitu ndani ya maandishi. Inarudisha nafasi ambapo ulichotafuta kinaanzia, au `nil` kisipopatikana. Kikianzia mwanzoni kabisa, jibu ni 0. Waliotoka kwenye lugha nyingine za programu kama C au Python wanaisoma 0 kama "hapana". Katika Elisp 0 ni "ndiyo", kwa sababu `nil` peke yake ndiyo hapana.

Kuhusu kanuni za uandishi, mtazizoea. Mstari wa kwanza uwe sentensi kamili inayojitosheleza, kwa kuwa `apropos`, amri ya kutafuta fankisheni kwa neno, huonyesha huo tu. Majina ya vigezo, yaani vile fankisheni inavyopewa, yaandikwe kwa herufi kubwa, kitenzi kikae kama cha kuamuru, na baada ya nukta ziachwe nafasi mbili. Amri ya `checkdoc` itawaonyesha mengi mliyoyasahau. Badiliko likiwa tayari, `submit-emacs-patch` inawasaidia kulituma, na likiwa dogo, chini ya mistari 15 hivi, halidai karatasi za kukabidhi hakimiliki. Kwa maelezo ya fankisheni, mistari 15 ni mingi mno. Mkiona mnaongeza aya nzima, tafuteni sentensi iliyopo ambayo ingenyooshwa badala yake.

Jambo ninalowasihi zaidi ni daftari. Siku fankisheni inapokuchanganya, andika siku hiyohiyo: nilidhani nini, kikatokea nini. Baada ya mwezi utakuwa umezoea, na hutaona tena palipokosekana neno. Waliokaa na Emacs miaka ishirini hawapaoni, si kwa uzembe. Macho yao yanajijazia wenyewe. Mnapaona ninyi, kwa muda mfupi.

Anzeni na `forward-line`, inayosogeza kishale hadi mstari unaofuata. Someni inarudisha nini, kisha tengenezeni faili ambalo mstari wake wa mwisho una maneno lakini haukufungwa kwa Enter. Simameni juu ya mstari huo, iendesheni, mwone namba inayorudi. Halafu mtafuteni mtu jikoni au barazani, mumweleze kwa Kiswahili kwa nini ni namba hiyo.