Maswali na Majibu: Mashine Katika Duka la Dawa

Swali: Mfamasia, shikamoo. Je, roboti zitawaondoa ninyi kazini? (Wasomaji kadhaa)

Jibu: Marahaba, ingawa swali hili nimelijibu mara nyingi na jibu halijabadilika. Mashine itachukua nafasi ya yule ambaye kazi yake yote ni kuhesabu vidonge, kuvitia kwenye bahasha na kuandika 1x3 juu yake. Anayemuuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, kama ana ujauzito au kama figo zake ni nzima, bado ana kazi tele, tena atapata muda zaidi wa kuifanya. Mimi namhofia zaidi mwenye duka anayenunua mashine ili apunguze watu, kisha akabakiza kijana mmoja dirishani asiyeruhusiwa kuzungumza na mteja kwa sababu foleni ni ndefu.

Swali: Mashine haichoki wala haisinzii. Kwa nini tusiiamini moja kwa moja? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Kwa sababu hutekeleza kosa letu kwa usahihi uleule inaotekeleza agizo sahihi. Mwaka 2013, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kijana wa miaka 16 alistahili kupewa kidonge kimoja cha dawa ambayo sisi huku tunaijua zaidi kwa jina la Septrin. Daktari aliandika 160 akikusudia miligramu, lakini kompyuta ilikuwa imewekwa kusoma miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, ikazidisha, na agizo likatoka la vidonge 38 na nusu. Onyo lilijitokeza kwenye kompyuta ya daktari, na baadaye kwenye ya mfamasia, na wote wawili wakalipita, kwa kuwa kompyuta hizo hutoa maonyo mengi kiasi kwamba watu huzoea kuyafuta bila kuyasoma. Roboti ikafungasha vidonge vyote bila kukosea hata kimoja. Muuguzi alishangazwa na wingi wake, lakini aliposoma kwa mashine msimbo pau, ile mistari iliyochapwa kwenye kifungashio, kompyuta ilimthibitishia kuwa ndiyo dozi iliyoagizwa. Kijana alivimeza, akapata degedege, na kwa bahati akapona.

Sisemi kwamba teknolojia hii haifai. Utafiti wa hospitali moja ya Boston, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kusoma msimbo pau kabla ya kumpa mgonjwa dawa kulipunguza makosa ya utoaji, yasiyohusu muda wa kuitoa, kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8. Hata hivyo, hiyo 6.8 iliyobaki haikuwa sifuri, na ndiyo inayohitaji mtu mwenye ujasiri wa kusema, "Dozi hii siielewi, simpi mgonjwa mpaka nimpigie daktari."

Swali: Je, mashine hizo zinaweza kuniuzia antibayotiki bila cheti cha daktari? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Zikitengenezwa vizuri, hapana, na hata muuzaji wa duka la jirani hakupaswa kukuuzia.

Swali: Nimesikia Afrika Kusini watu huchukua dawa kwenye mashine kama ya benki. Hapa kwetu haiwezekani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mashine hiyo ilizinduliwa mwaka 2018 katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg. Wanaopenda kuisifu husahau kwamba inawahudumia wagonjwa wa maradhi ya kudumu ambao hali zao zimetulia na ambao tayari wameandikiwa dawa kliniki, na kwamba mgonjwa huzungumza na mfamasia kwa video kabla dawa haijatoka. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu anayepoteza siku nzima kwenye foleni ili apate dawa zilezile za mwezi uliopita, ningeipokea hata kesho, ilimradi kuwe na umeme wa uhakika na dawa za kuijaza, maana hakuna mashine inayotoa dawa ambayo haipo bohari.

Swali: Nikisoma msimbo wa boksi kwa simu na jina la dawa likatokea, si ina maana dawa ni halisi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hapana. Msimbo wa kawaida hutaja aina ya bidhaa tu, na mghushi anayeweza kuchapa boksi anaweza kuchapa na mistari yake. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2019, unadai kila boksi la dawa nyingi za cheti liwe na namba yake pekee, ambayo famasi huihakiki na kuifuta kwenye kanzidata, yaani orodha ya pamoja iliyo kwenye kompyuta, wakati wa kutoa dawa. Pasipo kanzidata ya namna hiyo, jilinde kwa kununua kwenye duka lililosajiliwa, na udai risiti.

Swali: Nina duka la dawa muhimu na nataka kununua mashine ndogo ya kuhesabia vidonge. Nizingatie nini? (Msomaji, Songea)

Jibu: Usafi kwanza, kasi baadaye. Vidonge visivyo na ganda huacha vumbi, na vumbi la penisilini likibaki kwenye mashine linaweza kumfikia mteja mwenye mzio ambaye alikuja kununua dawa ya maumivu. Isafishe kila unapobadilisha dawa, na dawa za jamii ya penisilini zihesabie kwenye sinia lake lenyewe.