Turbo inataka petroli gani?

Swali: Fundi, gari langu la turbo limeandikwa 98 kwenye kifuniko cha tangi. Natia 95 na linakwenda tu. Napoteza nini? Na la mke wangu, la kawaida, nilitie 98 lisafike?

Jibu: Unapoteza nguvu, kaka. Turbo husukuma hewa zaidi ndani ya injini, hivyo mgandamizo huwa mkubwa. Namba hiyo ni oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Petroli ikijiwasha hivyo, injini hugonga; sensa hunasa mlio na kompyuta huchelewesha cheche ya kuwasha petroli. Injini inapona, mbio zinapungua. Soma kitabu cha gari. Kikisema 98 "inapendekezwa", 95 itakufaa kwa safari za polepole. Kikisema "lazima", usibishane nacho, hasa ukipanda mlima na mzigo kwenye joto. La shemeji liachie 95. Oktani si sabuni, wauzaji waseme wasemavyo.