Nyama ya kusaga ikaange kwanza

Dada uliyeuliza kama nyama ya kusaga inaingia mbichi kwenye ile sufuria ya umeme ya kupika polepole, kuiva inaiva lakini inashikana mabonge na mafuta yote yanaelea juu, we ikaange kwanza na kitunguu mpaka ibadilike rangi, mwaga mafuta, ndo uitie humo na nyanya, karoti, hoho na maji kiduchu maana mle maji hayakauki. Moto wa chini masaa 6 hivi, wa juu 3 au 4. Wanangu wanaila na matoke, posho (ugali) mpaka uwalazimishe.

Ukitaka kuongeza maharage mekundu usitupie makavu humo jamani!! Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa nguvu kwenye jiko la kawaida angalau dakika 10, mi huwa naacha nusu saa, ule moto mdogo hauvunji sumu yake na tumbo litakuendesha vibaya.

Na huku Kampala umeme ukikatika uko kazini hujui ulizima saa ngapi, usionje, mwaga tu. Inauma najua.