Utaishi kwa Besi Kubwa Ukiitwa Tena

Kijana wa Mwanza ameniandikia. Anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, na sasa anataka besi kubwa ya kusimama ili apige jazi. Anauliza kama kazi hiyo inalisha. Inalisha, mdogo wangu. Mimi inanilisha hapa Dar.

Nami nilitokea kwenye gitaa. Nyuzi hazikunisumbua, maana besi zote mbili hutyuniwa E, A, D, G. Kazi ilikuwa shingoni: hakuna vile vyuma vya kukuonyesha noti ilipo, unaitafuta kwa sikio. Piga skeli, yaani noti zikipanda na kushuka kwa mpangilio, kwa upinde kila asubuhi, taratibu. Upinde hauifichi noti iliyopotoka.

Baadaye nikapata hoteli moja ya ufukweni. Nilifika kabla ya wenzangu wote, nikapiga kwa adabu, halafu siku moja nikaambiwa basi: kinanda kitapiga besi kwa mkono wa kushoto, tena hakihitaji kukodiwa kirikuu, kigari cha mizigo, kama besi yangu. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini mpiga kinanda yuleyule ndiye anayenipigia simu leo kila akipata shughuli kubwa. Anasema nikiwepo, mpiga drams hauharakishi mwendo wa wimbo.

Hapo ndipo penye riziki. Mtazame Ron Carter, mpiga besi wa jazi wa Marekani. Alianza na chelo, akiulenga muziki wa klasiki, lakini okestra za Marekani za wakati ule zilimfungia milango mtu mweusi. Akashika besi. Mwaka 1963 akaingia kundi la mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, akadumu hadi 1968, na mwaka 2015 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, ikamtambua kwa kupiga kwenye rekodi za muziki 2,221. Haitwi mtu mara zote hizo kwa ajili ya solo! Anaitwa kwa sababu akiwepo, wenzake wanajua wimbo uko wapi.

Vijana, acheni kuzikimbilia solo. Shikeni mwendo. Fikeni mapema. Msikilizeni mpiga drams kuliko mnavyojisikiliza wenyewe, na mwendo msiuachie hata ukumbi ukiwa mtupu.

Na wewe wa Mwanza, azima kwanza kabla ya kununua. Ukinunua, kagua maungio ya mbao mara kwa mara, maana unyevu huachisha gundi, na weka akiba ya nyuzi kwa sababu seti moja ni ghali na huagizwa nje. Gitaa usiliuze. Kodi ya nyumba yako bado inalipwa na dansi.