Sauti inayonisomea maandishi yangu inanifanya nione sijui kuandika

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni msusi wa ukili, niko Pemba. Nauza mikoba, mikeka na vipepeo. Macho yangu yamefifia mwaka hadi mwaka, sasa nimebaki na mwanga tu, na kompyuta natumia kwa NVDA, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Mpwa wangu alinifungulia blogu kwa WordPress, programu ya kuendeshea blogu, ili wateja wa Unguja na Dar es Salaam wazijue kazi zangu. Kila nikitaka kuingia naambiwa nichague picha zenye taa za barabarani. Nikifanikiwa kupita, napotea humo ndani ninapoandikia. Picha za mikoba sijui zimetoka vipi. Na nikisikiliza nilichoandika, nasikia vibaya, kama kimeandikwa na mtu asiyejua Kiswahili. Mpwa wangu hunirekebishia, lakini akimaliza huwa si maneno yangu tena. Niendelee, au nimwachie yeye?

JIBU

Waalaykumu salaam, dada yangu. Naanza na hilo la maandishi kusikika vibaya, maana naona ndilo lililokuvunja moyo kuliko yote.

Kinachokusomea hakijui Kiswahili. NVDA isipoelekezwa vinginevyo hutumia sauti iliyokuja na Windows, na kwenye kompyuta nyingi za kwetu sauti hiyo ni ya Kiingereza. Inalichukua neno kama “miyaa” au “nyuzi” na kulitamka kwa kanuni za Kiingereza. Hata khutba ya msomi mkubwa ikisomwa namna hiyo itasikika ovyo. Umekuwa ukijihukumu kwa ulimi wa mwingine.

Bonyeza Insert, Control na S kwa pamoja. Itafunguka orodha ya mitambo ya sauti; chagua eSpeak NG, ubonyeze Enter. Kisha bonyeza Insert, Control na V, uende kwenye orodha ya sauti, utafute Swahili. Sauti hiyo imo ndani ya NVDA yenyewe, haidai bando wala malipo. Ni kavu na haina utamu, lakini kila silabi inaitamka ilivyoandikwa. Ukimaliza, sikiliza upya makala zako za zamani kabla hujabadili hata nukta.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Mwambie mpwa wako ahakikishe kurasa za blogu zimetajwa kuwa ni za Kiswahili, yaani mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa paandikwe lang="sw". Hapo visoma skrini, yaani programu kama NVDA, vya wasomaji wako vitajua vitumie lugha gani. Wateja wasioona nao wapo, na wananunua mikeka.

Hilo fumbo la taa za barabarani liko kwenye mlango wako mwenyewe, kwa hiyo una haki ya kuling’oa. Bila shaka ni programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, aliyoiweka mpwa wako kuzuia wezi. Nia yake njema, ila imemfungia nje mwenye nyumba. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.0, wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ulisema tangu 2008 kwamba fumbo la namna hiyo lisitegemee macho peke yake. Aliondoe, aweke badala yake kikomo cha mara ngapi mtu anaweza kukosea nenosiri, pamoja na namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu yako. Wezi watazuilika na wewe utaingia.

Kuhusu kupotea ndani ya WordPress: kihariri chake cha vipande vipande, kilichoanza na toleo la 5.0 mwezi Desemba 2018, kililalamikiwa na watumiaji wa visoma skrini tangu mwanzo. Mimi nakushauri usiandikie humo kabisa. Andika kwenye Notepad, programu ya Windows ya maandishi matupu. Kila kichwa kidogo kianze na alama mbili za reli na nafasi, hivi: ## Namna ya kuosha mkeka. Ukimaliza nakili yote, ingia WordPress, bandika. Itagawa aya na vichwa yenyewe. Vichwa hivyo vitakufaa pia wakati wa kukagua, kwa sababu kwenye ukurasa uliokwisha kuchapishwa ukibonyeza H, NVDA inaruka kutoka kichwa hadi kichwa.

Sasa picha. Tandika shuka jeupe karibu na mlango asubuhi, weka mkoba katikati, piga picha tatu au nne. Anayekusaidia usimuulize kama picha ni nzuri, kwa sababu atakwambia ni nzuri. Muulize: mikono yote miwili ya mkoba inaonekana? Kuna kivuli changu? Rangi ya zambarau inaonekana zambarau au nyeusi?

Kisha kila picha inahitaji maelezo mafupi yatakayosomwa na kisoma skrini, na hapa sitaki mtu yeyote akuandikie. Nimezoea kukuta kwenye tovuti za maduka picha imeelezwa “mkoba mzuri”, au haikuelezwa kabisa. Wewe unaujua mkoba kwa vidole. Andika kama unavyoushika: “Mkoba wa ukili mwembamba, mdomo upana wa shibiri mbili, mishono imebana, mikono mirefu ya kupita begani.” Mwenye macho akisoma hivyo naye ataelewa zaidi ya alichoona.

Mpwa wako mpe kazi yake. Rangi za blogu ni zake: kama maandishi ni ya kijivu hafifu juu ya weupe, ayakoleze. Tofauti ya mwanga kati ya kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 na nyeupe haifiki hata 3 kwa 1, ilhali kiwango cha WCAG kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Tahajia pia anaweza kukukagulia, lakini akuonyeshe kosa, wewe ndiye urekebishe.

Miaka kadhaa nyuma nilimtengenezea mtu tovuti ya duka, kitufe cha kuagiza nikakifanya picha tupu isiyo na maandishi. Mteja asiyeona alinipigia simu akaniomba radhi, akisema labda yeye hajaijua kompyuta vizuri. Kosa lilikuwa langu, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Ndiyo maana swali lako la kuendelea au kuacha sitaki ulijibu leo, wakati mlango umefungwa na sauti haijui lugha yako. NVDA yenyewe ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni.

Wiki hii kumbuka maswali matatu ya mwisho uliyoulizwa na wateja kwenye simu. Labda waliuliza mkeka ukilowa ufanywe nini, au mkoba unachukua siku ngapi. Chagua moja, fungua Notepad, ulijibu kama ulivyomjibu yule mteja.